Kalamu za Mvita, Sehemu ya Pili: Karatasi ya Sheikh Al-Amin

Wiki iliyopita tulimwacha Alibhai Mulla Jeevanjee, tajiri aliyepata mali kwa zabuni za reli, akiliuza gazeti lake. African Standard lilizaliwa hapa kisiwani Mombasa mwaka 1902, likauzwa mwaka 1905, na mwaka 1910 wenyewe wapya wakalihamishia Nairobi, ambako serikali ilikuwa imekwisha kuhamia. Lilikuwa gazeti la Kiingereza, la maafisa, masetla na wafanyabiashara. Watu wa mitaa ya Ndia Kuu, Kuze, Kibokoni na Mkanyageni waliandikwa humo mara mojamoja, ila hawakuandikiwa wao. Leo tunakuja kwenye karatasi iliyowaandikia wao, na kwa mtu aliyeitoa.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Alipoanza kutoa karatasi hiyo, Sahifa, mwaka 1930 alikuwa na miaka 39, na kwa hesabu ya wanavyuoni wa pwani huo ni ujana. Mlezi na mwalimu wake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, alikuwa bado hai. Mtu wa umri wa Al-Amin alitarajiwa akae nyuma ya wazee, asomeshe darsa zake na angoje zamu. Hakungoja. Akawa mwenye gazeti, mhariri wake na mwandishi wake mkuu kwa wakati mmoja. Mtu wa namna hiyo leo tungemwita mkurugenzi wa chombo cha habari, tukamwalika kwenye mikutano ya viongozi vijana. Wakati ule mji ulimjua kama mwana wa Sheikh Ali.

Na huyo baba ana sehemu yake katika habari hii. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui alikuwa mwanachuoni aliyehubiri bila kuogopa, hata Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, akamtia jela huko. Alitoka Barghash alipofariki mwaka 1888, naye mwenyewe akafariki mwaka 1894, mwanawe akiwa bado mdogo sana. Kwa hiyo Al-Amin alikulia katika nyumba iliyojua kwamba neno lina gharama. Ila neno la baba yake lilikuwa la mdomoni: lilisemwa msikitini, likasikiwa na waliokuwapo, likaishia hapo au likasimuliwa na wengine kwa kupunguzwa na kuongezwa. Mtawala aliyetaka kulizima alimfunga aliyelisema, basi. Mtoto alichagua njia nyingine. Neno likishaandikwa katika karatasi, likagawiwa mitaani, aliyelisema anaweza kuwa amelala nyumbani kwake nalo bado linatembea.

Njia hiyo hakuibuni yeye. Aliisoma. Kutoka Cairo, Rashid Rida, mwanafunzi wa Muhammad Abduh, alikuwa akitoa jarida la Al-Manar tangu mwaka 1898, na nakala zake zilifika pwani yetu kwa meli pamoja na bidhaa na barua. Unguja nako kulikuwa na Al-Najah tangu mwaka 1911, kisha Al-Falaq tangu mwaka 1929. Yote hayo yalikuwa magazeti ya Kiarabu yaliyosomwa na Waislamu wanaoishi chini ya bendera ya Ulaya wakijiuliza wamefikaje pale. Al-Amin aliyameza. Lakini hapa ndipo ninapomwona mhariri hasa, mbali na mwanachuoni: alielewa kwamba akiandika Kiarabu peke yake atakuwa anazungumza na watu wachache waliokwisha kukubaliana naye. Sahifa aliiandika Kiswahili.

Angalia mwaka wenyewe. Mwaka 1928 wataalamu wa serikali za Afrika Mashariki walikutana papa hapa Mombasa, wakaamua kwamba Kiswahili cha shuleni na vitabuni kiwe Kiunguja. Mwaka 1930, mwaka wa Sahifa, ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia uamuzi huo. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikabaki nje ya mlango, katika mji ambao mashairi yake yalikuwa yameghaniwa tangu enzi za mshairi Muyaka. Al-Amin aliendelea kuandika kama watu wa Mvita wanavyosema, kwa hati za Kiarabu ambazo pwani ilikuwa ikiziandikia Kiswahili kwa karne nyingi. Mtu wa leo aweza kudhani kwamba huko ni kurudi nyuma. Mimi naona ni hesabu ya mtu anayewajua wasomaji wake. Mwaka 1930 walioweza kusoma hati za Kizungu mjini walikuwa wachache, wengi wao wakiwa wametoka shule za misheni au Shule ya Waarabu iliyofunguliwa mwaka 1912. Waliopita chuoni wakahitimu Kurani walikuwa wengi zaidi, na miongoni mwao walikuwamo wanawake ambao hawakupata kukanyaga shule ya serikali maishani mwao. Karatasi iliyoandikwa kwa hati hizo iliweza kuingia ndani, ikapita ukumbini, ikafika uani. Mtu anayechagua hati huwa anachagua wasomaji.

Sahifa yenyewe ilikuwa karatasi ndogo tu, nayo iligawiwa bure. Usitazame udogo wake. Katika Mji wa Kale karatasi moja haikuwa na msomaji mmoja. Alasiri ikishasaliwa watu hutoka msikitini wakakaa barazani, yale mabaraza ya mawe yaliyojengwa pamoja na nyumba, na muuza kahawa hupita na buli lake la shaba lenye makaa chini, akigonganisha vikombe vyake. Mmoja akiwa na karatasi, huisoma kwa sauti. Asiyejua kusoma anasikia sawasawa na anayejua, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujibu. Akisimama mtu katikati ya makala akasema, "Hapo sheikh amekosea," msomaji hana budi kurudi nyuma asome tena ile sentensi, na mjadala unaanza pale. Hotuba ya Ijumaa haikatizwi, na mtu akinong'ona wakati imamu yuko kwenye mimbari amekosa adabu. Barazani makala yaliruhusu kukatizwa, na nadhani hapo ndipo nguvu ya karatasi ile ilipokuwa: maneno ya mwanachuoni yaliwekwa mahali ambapo mtu wa kawaida angeweza kubishana nayo.

Na alisema nini? Wengi wanaotaja jina lake leo hudhani kwamba alikuwa akiwashambulia Waingereza kila wiki. Ni kweli hakuwapenda wamisheni wala mipango ya shule iliyomweka mtoto wa Kiislamu mbali na dini yake. Lakini upande mkali wa kalamu yake aliuelekeza kwa watu wake mwenyewe. Aliwaambia kwamba wanauza mashamba na viwanja vya wazee wao kisha wanakula fedha yake katika arusi na matanga. Jambo hili linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo lililobadilisha sura ya kisiwa hiki. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi ya pwani walete madai yao yathibitishwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Aliyepata hati alipata kitu kipya, yaani kipande cha ardhi ambacho kinaweza kuuzwa mara moja kwa mgeni yeyote mwenye fedha, bila ya ukoo mzima kukaa kikao. Reli ilikuwa imefika, gati za maji marefu zinajengwa Kilindini, bei zinapanda. Familia zilizokuwa na watumwa na mashamba zilikuwa zimepoteza watumwa tangu utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1907. Zilibaki na jina, na hati. Zikauza hati ili kulinda jina.

Al-Amin aliliona hili wakati linatokea, na akaliandika kwa lugha ambayo haikumficha mtu. Arusi ya siku nyingi, ngoma za mashindano, vyama vya lelemama vinavyoshindana kwa mavazi na karamu, khitma inayomwacha mjane na deni: haya aliyaeleza kuwa ndiyo milango ambayo mali ya mji inatokea. Hakusema kwamba umaskini umeletwa na Mzungu peke yake. Alisema Mzungu amewakuta wanagawana na kushindana. Hoja yake nyingine ilikuwa juu ya kuiga. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuvaa kofia za Kizungu, kwenda dansi na kunywa. Akawauliza mbona wameyaokota haya na kuyaacha yale yaliyowapa Wazungu nguvu, yaani umoja wao, bidii yao ya kazi, kushika wakati na kutoa mali kwa ajili ya shule zao. Ni hoja inayokata pande mbili, maana inamkataza kijana asiwe Mzungu na papo hapo inamwambia mzee kwamba kwa Mzungu kuna la kujifunza. Waliotaka kumwona Al-Amin kama mtu wa zamani walishindwa, na waliotaka kumwona kama mtu wa mageuzi ya Kizungu nao walishindwa.

Mwaka 1932 Sahifa iliacha nafasi kwa gazeti kamili la kila wiki, Al-Islah, la Kiswahili na Kiarabu. Sasa msomaji wa Mombasa alipata habari za ulimwengu wa Kiislamu pamoja na mambo ya mtaani kwake. Kwa kuongeza Kiarabu, mhariri alijiunga na mazungumzo ya Unguja na Misri bila ya kuwaacha watu wa barazani. Tukumbuke pia kwamba hakuwa peke yake katika Kenya ya wakati ule aliyegundua nguvu ya gazeti la lugha ya nyumbani. Miaka minne kabla yake, mwaka 1928, kijana mwingine aliyeitwa Johnstone Kenyatta alikuwa mhariri wa Muigwithania, gazeti la Kikuyu la chama cha Kikuyu Central Association (KCA). Wawili hao walitofautiana kwa dini, kwa lugha na kwa malengo. Walilokuwa nalo pamoja ni kutambua kwamba watu wanaotawaliwa hawana budi kuzungumza wao kwa wao kwanza, kwa lugha yao, kabla ya kupeleka malalamiko kwa gavana.

Juu ya elimu, alichokiandika alikitenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alianzisha Madrasat al-Ghazali, ambapo watoto walifundishwa dini kwa mpango wa madarasa na masomo mengine pamoja nayo, mbali na ule utaratibu wa chuo wa kila mtoto kusoma ubao wake mwenyewe. Alitetea pia kufundishwa kwa wasichana, na mwishoni mwa muongo huo Mombasa ikapata shule ya serikali ya wasichana wa Kiarabu. Nisimpake rangi asiyokuwa nayo. Elimu ya mwanamke aliyoitetea ilikuwa ya kumfanya mama na mke anayeijua dini yake, na hakutaka kuona mwanamke wa mjini akitoka nje ya mipaka ya wakati ule. Hata hivyo, katika mji ambao mzee angeweza kusema hadharani kwamba msichana akijua kuandika ataandika barua za mapenzi, mwanachuoni wa ukoo wa Mazrui kuchapisha kwamba kumnyima msichana elimu ni kosa mbele ya Mungu lilikuwa jambo zito. Baba aliyetaka kumpeleka binti yake kusoma alipata wa kumtegemea mbele ya ndugu zake.

Gazeti halikudumu. Mwaka huohuo wa 1932 Al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na baada ya takriban mwaka mmoja Al-Islah lilikoma. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika hadi kufa kwake tarehe 1 Aprili 1947. Wapo wanaosema kwamba alipata uwezo mkubwa zaidi, kwa sababu kadhi anaamua kesi za ndoa, talaka na mirathi ambazo mwandishi anazizungumzia tu. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini kadhi wa Kenya alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni mwenye mshahara wake, na mtumishi wa serikali hatoi gazeti la kila wiki la kuhoji sera ya serikali hiyo juu ya shule na ardhi. Mji ulipata kadhi mwadilifu na ukampoteza mhariri. Nikilinganisha yale mawili, naamini hasara ilikuwa kubwa kuliko faida. Makadhi wema waliokuwa na elimu walikuwapo kabla yake na baada yake. Gazeti la Kiswahili la wiki, lenye mhariri wa uzito ule, lililozungumza na Mji wa Kale juu ya mambo yake yenyewe, halikupatikana tena kwa muda mrefu.

Kalamu hata hivyo hakuiweka chini. Mwaka 1944 makala ya Sahifa yalikusanywa yakatoka kuwa kitabu, Uwongozi, na kwa njia hiyo yakawafikia watu waliokuwa watoto au hawajazaliwa yalipoandikwa. Mwaka 2017 kitabu hicho kilitolewa Ulaya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Kai Kresse na Hassan Mwakimako, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali sasa wanasoma juu ya arusi za Mombasa za mwaka 1930. Aliandika Kiarabu historia ya ukoo wake, watawala wa Mombasa hadi mwaka 1837, nayo pia imetafsiriwa. Na alianza kufasiri Kurani kwa Kiswahili. Hilo lilikuwa jibu lake kwa Godfrey Dale, padri wa misheni ya Unguja, ambaye mwaka 1923 alitoa tafsiri ya Kiswahili yenye maelezo ya kuupinga Uislamu. Kazi hiyo hakuimaliza. Mwanafunzi wake Sheikh Abdalla Saleh Farsy ndiye aliyetoa tafsiri kamili mwaka 1969, ile inayokaa hadi leo katika kabati za nyumba nyingi za pwani. Mwanafunzi wake mwingine, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu uhuru hadi mwaka 1968, alisubiri mpaka alipokuwa amekwisha kuacha cheo ndipo akaanzisha gazeti lake, Sauti ya Haki, mwaka 1972. Sitaki kudai kwamba alifuata mpango huo kwa makusudi. Ila utaratibu wenyewe unasema kitu: mwalimu alianza na gazeti akaishia kwenye cheo, mwanafunzi alianza na cheo akaishia kwenye gazeti.

Na mwanawe wa kuzaa, Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufiwa na baba akiwa na miaka 14, alichukua mapokeo yaleyale akayapeleka kwenye redio na televisheni. Mihadhara yake ya Reith ilirushwa na BBC mwaka 1979, na mwaka 1986 mfululizo wake wa vipindi juu ya Afrika ukazua ubishi Marekani nzima. Ukivitazama vipindi vile baada ya kusoma Uwongozi utaona ni mtu wa nyumba ileile anayezungumza, kwa namna anavyomlaumu mgeni na mwenyeji katika pumzi moja.

Kuna upande mmoja ambao waandishi wengi wa pwani huupita haraka, nami sitaki kuupita. "Sisi" ya Al-Amin ilikuwa na mipaka. Aliposema watu wetu, kwa kawaida alikusudia Waislamu wa mjini, Waarabu na Waswahili wenye nyumba, nasaba na cha kupoteza. Wakati uleule mji mwingine ulikuwa ukikua nyuma ya mgongo wa Mji wa Kale: wachukuzi wa Kilindini, wafanyakazi wa reli, watu wa bara na Wamijikenda waliolala wengi chumba kimoja Majengo. Wao hawakuwa na mashamba ya kuuza wala khitma ya kufanyia israfu. Shida yao ilikuwa mshahara na kodi ya chumba. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma, na Mombasa ikasimama kwa siku kumi na kitu. Makuli, makarani, watumishi wa mahoteli na madobi wote walikuwamo. Mikutano yao ilifanyika uwanjani Kiembeni, Majengo, na katika harakati hizo akachomoza kijana aliyeitwa Chege Kibachia, ambaye serikali ilimkamata mwezi Agosti mwaka huohuo. Maelfu walisikiliza, wakajibu, wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Waliyafanya hayo bila gazeti lao wenyewe, na hakuna mwanachuoni wa Mji wa Kale aliyekuwa amewaandalia lugha ya mambo yale.

Al-Amin alifariki chini ya miezi mitatu baada ya mgomo kwisha. Naamini kwamba kama Al-Islah lingeendelea kwa ile miaka 14 iliyopita kati ya kukoma kwake na mgomo ule, mhariri wake angelazimika kuwatazama wale watu wa Kilindini, kwa kuwa miongoni mwao walikuwamo Waislamu waliosali katika misikiti aliyoijua. Gazeti la kila wiki humlazimisha mwenye nalo kutoka nje kutafuta habari, na kila wiki humwonyesha nani yuko mjini.

Wiki ijayo tutakuwa mwaka 1968, kwa kijana wa miaka 22 aliyezaliwa Kuze. Huyo hakuwa na gazeti wala cheo. Alikuwa karani wa hesabu katika Baraza la Mji, mwenye karatasi iliyoitwa "Kenya: Twendapi?", na tutaona jinsi karatasi hiyo ilivyogawiwa usiku na ilivyompatia kifungo cha miaka mitatu.